Picha juu ya kabati la dawa

Tanga, Agosti 2025

Mwanangu Salimu,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu, nalo umeshalizoea.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza sikusikia kitu kwa kelele za bodaboda, na mara mbili zilizofuata ulikuwa unacheka. Unasema siku ile uliponihamishia makabati ulikuta bahasha ya vyeti vyangu vya uuguzi, na ndani yake picha ya Thiago Silva, yule beki wa Brazil, amevaa jezi ya Chelsea, imepigwa plastiki, kona zote nne zina mabaki ya gundi. Ukauliza: "Mama, wewe hata kuotea hujui ni nini. Huyu beki ulimtoa wapi, na kwa nini umemweka na vyeti?"

Kuotea najua. Ulinifundisha mwenyewe juu ya meza, ukiwa kidato cha pili, vijiko vikiwa mabeki na kichupa cha chumvi kikiwa kipa. Nilikuwa najifanya sijaelewa ili uendelee kukaa mezani umalize wali wako.

Na aliyemleta huyo mtu nyumbani kwangu ni wewe. Ilikuwa Jumamosi, 26 Septemba 2020. Chelsea wako ugenini kwa West Bromwich Albion, nami nimekaa nyuma yako na ungo, nachambua mchele. Ilikuwa mechi yake ya kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na siku nne kabla alikuwa ametimiza miaka 36. Mpira ukamjia yeye akiwa beki wa mwisho, mpira wa kutuliza tu, ukamponyoka. Kijana wa West Brom akaunyakua, akaenda zake kufunga. Nusu saa haijatimia mmeshapigwa tatu. Ukasimama katikati ya sebule: "Wametuletea babu! Na babu mwenyewe mapafu yalishaliwa na TB!"

Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Hukuona, ulikuwa unagombana na televisheni. Mkarudisha zote tatu, ukatulia, ndipo nikakuuliza: TB ya mapafu? Alitibiwa wapi? Miezi mingapi? Ukaniangalia kama nimeulizia mshahara wa mtu, kisha ukachukua simu ukaanza kunisomea.

Ulinisomea habari za mpira, lakini mimi nilikuwa nasikia habari za mgonjwa. Kijana wa Rio de Janeiro, mtoto wa mitaa ya watu wa hali ya chini, klabu za huko zimemkataa mara kadhaa angali mdogo. Akapata nafasi Juventude, kusini mwa Brazil, akacheza vizuri 2004 mpaka Porto ya Ureno wakamchukua. Kule hakuivaa jezi ya timu kubwa, akabaki kikosi B. Wakampeleka Dynamo Moscow, Urusi, 2005. Ana miaka ishirini, yuko nchi ya baridi ambayo lugha yake haijui, na mwili umeanza kumkataa. Wakamgundua kifua kikuu. Akalazwa karibu nusu mwaka. Madaktari wakafika mahali pa kufikiria kumpasua na kuondoa sehemu ya pafu. Kwa Dynamo hakucheza hata mechi moja.

Hapo ulipita haraka, ukaenda klabu yake ya Italia, Milan. Mimi nikabaki Moscow.

Hapa kwetu wagonjwa wengi hatuwalazi. Wanameza dawa nyumbani, na mtu wao wa karibu anawasimamia. Utaratibu huo ulioenea duniani kwa kiasi kikubwa ulipikwa hapahapa Tanzania, na Dk. Karel Styblo na wenzetu waliotutangulia, baada ya mpango wa taifa wa TB kuanza 1977. Nalisema hilo kila ninapopata nafasi, maana watu wanadhani kila kitu tumeletewa. Lakini kuwa nyumbani hakuondoi upweke. Mgonjwa anatengewa kikombe, analala peke yake, mkojo umekuwa rangi ya chungwa kwa dawa, na kila anayeingia anasimama mlangoni. Siku ya kwanza wanauliza kama watapona. Hilo lina jibu: meza dawa miezi sita bila kuruka, utapona. Wiki ya tatu hivi, kikohozi kimepungua, wanakuja na swali la pili, na hilo ndilo lililokuwa linanishinda. "Sista, nitarudi kuwa kama nilivyokuwa?"

Nilikuwa sijui, mwanangu. Miaka yote ile kliniki sikuwahi kujua.

Daftari letu la TB ukurasa wake ni mpana kuliko meza. Jina, umri, uzito wa kuanzia, majibu ya makohozi mwezi wa pili, wa tano, wa mwisho. Halafu upande wa kulia kabisa kuna safu ya matokeo: amepona, amemaliza matibabu, amefariki, amepotea. Ukishaandika "amepona", mstari umefungwa na mtu hana sababu ya kurudi. Na harudi! Akikuona sokoni anavuka upande wa pili, kwa sababu wewe ndiye unayemkumbusha. Kwa hiyo mimi nimeponya watu mamia, na sijui hata mmoja alipandaje tena ngazi, au kama alibeba tena gunia la mkaa. TB ikiondoka huacha makovu kwenye pafu, na wengine pumzi hairudi yote. Daftari halina safu ya pumzi.

Sasa wewe unanionyesha mtu aliyefungiwa mstari wake, kisha yuko mbele yangu Jumamosi anakimbia dakika tisini, na Jumamosi nyingine tena. Thiago Silva ndiye mgonjwa pekee niliyemwona baada ya miezi sita. Jibu lako ndilo hilo. Yanayofuata ni maelezo, ukichoka, kunywa chai kwanza.

Jumatatu nilikwenda pale kwa kijana wa steshenari nikamwambia anitolee picha yake, kubwa, ya rangi. Akaniuliza, "Mama, na wewe ni The Blues, shabiki wa Chelsea?" Nikaipiga plastiki, nikaibandika juu ya kabati la dawa, mahali ambapo mgonjwa akirudisha kichwa nyuma kumeza vidonge lazima amwone.

Usifikiri wote walifurahi. Mzee mmoja mvuvi aliitazama wiki mbili, kisha akauliza kama huyo ni mbunge. Mama mmoja wa mgahawa, mama ntilie, nilipomaliza kumsimulia habari za Moscow alifunga kanga yake vizuri akasema, "Sista, huyo alikuwa na klabu nyuma yake. Mimi nisipopika leo wanangu hawali leo." Nikakosa la kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba alirudi Brazil akiwa hana timu inayomsubiri kwa hamu, akataka kuacha mpira kabisa, na ni mama yake aliyemkatalia. Lakini lingekuwa jibu la swali ambalo hakuuliza. Baada ya pale nikajifunza kumtaja kwa mtu akiuliza mwenyewe tu.

Aliyeuliza alikuja Februari 2021. Mrefu, mifupa mitupu, kilo 49. Kitasa wa timu ya mtaa, beki kisiki, anasema walikuwa wanamwita "Geti". Wenzake walikuwa wameacha kunywa naye chupa moja ya maji tangu aanze kukohoa, na yeye akaacha kwenda uwanjani kabla hawajamwambia asije. Nilimhesabia vidonge vyake vitatu, akainua kichwa, akasita na maji mdomoni. Akameza. "Sista, huyo si Thiago Silva?" Nikamwambia ndiye. "Anafanya nini hapa?" Nikamwambia, huyo naye alimeza.

Alikaa kwenye benchi lile dakika arobaini, mwanangu, watu wanaingia na kutoka. Nikamsimulia ulivyonisimulia, nikaongeza niliyoyatafuta mwenyewe. Kwamba aliyemwita tena kazini 2006 ni Fluminense ya Rio, klabu ambayo kocha wake wakati ule, Ivo Wortmann, alimjua tangu Juventude. Kwamba mwaka uliofuata walichukua kombe la Brazil. Kwamba washabiki wa pale walimpa jina la Jitu, yule aliyekuwa hawezi kutembea kutoka kitandani bila kupumzika. (Hilo la kitandani sikulisoma popote, nililisema kwa sababu nimewaona wengi. Mungu anisamehe kama yeye aliweza.) Kijana akataka kujua kitu kimoja tu: kati ya kutoka hospitali na kucheza tena ilipita muda gani? Nikamwambia alitoka 2005, 2006 alikuwa uwanjani. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Vidonge vya TB hutolewa kwa uzito wa mtu. Siku mizani iliposoma 55 ikabidi nimpandishe kuwa vinne, na sijapata kuona mtu anaongezewa kidonge akafurahi kama kaongezewa mshahara. Alikimbia kumwambia mama yake aliyekuwa anasubiri nje.

Mei ile Chelsea mkafika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wewe ulikuwa Mwanza, ukanipigia kunikumbusha, kama vile ningesahau. Saa nne usiku, 29 Mei. Na mchezo ulikuwa wapi? Porto. Uwanja wa Dragão, nyumbani kwa klabu ileile iliyomweka kikosi B miaka kumi na sita nyuma. Msimu uliotangulia alikuwa amefika fainali hiyohiyo na Paris Saint-Germain, pale Lisbon, wakafungwa na Bayern 1-0, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho Paris baada ya miaka minane. Wakamwachia aondoke bure, mchezaji huru wa miaka 35. Sasa amerudi fainali na nyinyi dhidi ya Manchester City, Ureno vilevile, na dakika ya 39 nyonga ikamkataa. Akatoka analia. Havertz akafunga muda mfupi kabla ya mapumziko, mkashinda 1-0, na yeye akapokea kombe na medali.

Jumatatu asubuhi Geti alikuwa wa kwanza mlangoni, na wala haikuwa siku yake ya dawa. "Sista, umemwona alivyotoka?" Nikasema nimemwona. "Ni nyonga tu," akasema. "Si kifua." Akarudi zake.

Agosti makohozi yake yakawa safi. Nikaandika "amepona". Yuko wapi leo, sijui. Walisema alikwenda Dar. Ukiwahi kupita uwanja wowote wa mchangani ukaona kitasa mrefu anaitwa Geti, usimsemeshe habari zangu, ila niambie kama anamaliza dakika tisini.

Najua utaniambia nimemfanya mtakatifu. Sikumfanya. Nimesoma maisha yake kama nilivyokuwa nasoma kadi za wagonjwa, na zina wiki zilizorukwa. Angalia Kombe la Dunia la 2014 kwao Brazil. Yeye ndiye nahodha. Mechi ya Chile imekwenda kwenye mikwaju ya penalti, yeye amekaa juu ya mpira analia, na ameomba awe wa mwisho kabisa kwenye orodha ya wapigaji, hata baada ya kipa. Nchi nzima ikamcheka: nahodha gani huyu? Hapo sikubaliani nao. Mimi nimewaona wanaume wenye ndevu wakilia kwa kupewa karatasi ya majibu mazuri, na walipokuwa wanaumwa hawakutoa chozi. Machozi ya wengine huwa yanakaa huko ndani miaka.

Lakini ile kadi ya njano ya robo fainali sina cha kumtetea. Amefunga bao yeye mwenyewe dhidi ya Colombia, mambo yanakwenda, halafu anakwenda kumzuia kipa wao, Ospina, asiupige mpira. Alikuwa na njano nyingine tayari. Amekosa nusu fainali kwa upuuzi wa mtu anayeruka dozi mwezi wa sita kwa sababu anajisikia nafuu. Tarehe 8 Julai Ujerumani wakawafunga saba kwa moja, yeye amekaa jukwaani. Wewe husema angekuwepo zisingefika saba. Pengine zingekuwa tano.

Na Machi 2017 pale Barcelona alikuwemo uwanjani, nahodha, Paris Saint-Germain wana akiba ya mabao manne ya mchezo wa kwanza, wakapigwa sita kwa moja. Nakukumbusha kwa sababu ulipokuwa unanisomea siku ile ulilitaja hilo kabla ya mataji yake saba ya ligi ya Ufaransa, na nikaona watoto wangu mnahesabu kama daftari letu.

Ninachokipenda katika uchezaji wake nilikionyeshwa na wewe pia. Ulisema, "Mama, usiangalie mpira, mwangalie yeye." Nikamwangalia. Kumbe shingo yake haitulii! Anatazama mpira, anageuka kutazama mgongoni, anatazama mpira, anageuka tena, kama mwanamke anayevusha watoto barabara ya Korogwe. Mpira ukifika anakokwenda, yeye ameshafika kabla, na kwa hiyo hana haja ya kukimbia sana wala kujirusha chini. Nilidhani ni uzee. Ukaniambia hapana, tangu Milan alikuwa hivyo: alifika pale Januari 2009, nafasi za wachezaji wa nje ya Ulaya zikawa zimejaa, akakaa nusu msimu anafanya mazoezi tu bila mechi ya mashindano, na kwenye mazoezi hayo yumo beki mkongwe Maldini katika miezi yake ya mwisho. Msimu wa 2010-11 akiwa na beki mwenzake Nesta katikati Milan walichukua ubingwa wakafungwa mabao 24 tu. Lakini mimi nina mawazo yangu. Mtu aliyelala miezi sita anaangalia dari hujifunza kupima pumzi. Anajua ipi ya kutumia na ipi ya kuweka. Daktari hatakubali hilo, na kocha pia, basi libaki humu kwenye barua.

Mimi nilistaafu 2024, mwaka Thiago Silva aliotoka kwenu Chelsea, baada ya mechi 155. Siku ya kuaga walinipa keki na saa ya ukutani, na nilipokuwa nakusanya vitu vyangu nesi aliyenipokea akanisaidia kubandua picha. Ilitoka na rangi ya ukuta. Pale nyuma utaona doa la chungwa, ni vumbi la vidonge. Niliiweka na vyeti kwa sababu ndiyo bahasha pekee niliyokuwa nayo mkononi, halafu sikuona sababu ya kuitoa. Yule nesi amenipigia wiki hii anaiomba. Anasema juu ya kabati sasa kuna kalenda ya benki na wagonjwa hawaitazami. Basi ukija mwezi ujao uje nayo, usiikunje.

Na kuhusu mwezi uliopita nikuombe radhi. Kombe la Dunia la Klabu, nusu fainali kule New Jersey, Fluminense na Chelsea. Tarehe ileile ya zile saba za Ujerumani, 8 Julai. Yeye amerudi kwao, ana miaka 40, tena nahodha, na wameshawatoa Inter Milan na Al-Hilal. Nilikuwa peke yangu sebuleni, chai imepoa. João Pedro, kijana aliyelelewa na Fluminense hiyohiyo, akawafungia nyinyi mawili na hakushangilia hata moja. Ulinipigia simu filimbi ya mwisho ilipolia, ikakatika. Ukapiga tena, ikakatika. Asubuhi ukaniambia mtandao wa Tanga mbovu.

Mtandao ulikuwa mzima.

Mama yako